Nguo Nyeupe Getini

Mume wangu Gozbert akinunua kitu, hata pasi, husoma kijitabu cha maelekezo mpaka ukurasa wa mwisho. Kwa hiyo aliponunua kamera za ulinzi sikushangaa kumwona amehamia juu ya ngazi. Kilichonishangaza ni hofu. Gozbert niliyeolewa naye ni mtu wa kulala madirisha wazi. Tulipohamia Mbweni nyumba ikiwa haina hata fremu za mbele, alitandika godoro sebuleni akakoroma mpaka nikaona aibu kwa majirani. Binti yetu Hope, ambaye sasa yuko shule ya bweni, alikuwa akisema baba akilala, hata mto ukiibwa chini ya kichwa chake hatajua.

Hofu ilikuja na mama yake.

Mama Apolonia tulimchukua baada ya kufiwa na mumewe. Kijijini kwao, huko kanda ya ziwa, maneno yalianza hata msiba haujaisha. Macho yake ni mekundu. Yamekuwa mekundu tangu ujana wake kwa moshi wa kuni, lakini mwanamke akishakuwa mjane tena mzee, watu husahau moshi na kukumbuka mambo mengine. Kwanza watoto walimkimbia njiani. Kisha asubuhi moja alifungua mlango akakuta mgomba umekatwa kwa panga na kulazwa kizingitini. Kwao kila mtu anajua maana yake: safari ijayo panga halitaishia kwenye mgomba. Gozbert alipanda basi siku hiyo hiyo, akarudi naye, akampa chumba cha chini karibu na jiko, chenye mlango wake wa kutokea uani, kwa kuwa Mama hakutaka kupita sebuleni kila anapokwenda kunawa uso.

“Hapa hakuna atakayekugusa, Mama,” alimwambia.

“Najua, mwanangu,” Mama akajibu. “Lakini na wewe usiwe unalala sana.”

Neno hilo lilimwingia Gozbert kama mwiba. Kesho yake akaenda kununua kamera.

Mimi nina duka la vitambaa Mwenge, na mambo ya mitambo huwa sijitii kimbelembele. Niliona tu waya, betri za kushikilia umeme ukikatika, na kamera moja juu ya baraza inayotazama geti. Gozbert alinieleza kwamba usiku kamera hizo hazitumii mwanga tunaouona sisi. Zina vitaa vyao vidogo vinavyomulika kimyakimya, na picha inakuja bila rangi, nyeusi na nyeupe tu. Tena zina kipaza sauti. Mtu akiwa ofisini mjini anaweza kuzungumza na aliyesimama getini. Alilijaribu hilo mara moja nikiwa naanika nguo, nikaangusha ndoo, na sikumsemesha mpaka jioni.

Asubuhi moja aliniletea simu nikiwa nakaanga mayai.

“Tazama.”

“Nitazame nini? Hii si uji?”

Picha ilikuwa nyeupe kote, kama mtu amemwaga maziwa juu ya kioo. Ndani ya weupe huo kitu kilipita, kirefu, cheupe kuliko ukungu wenyewe. Kilielekea getini, kikapotea. Saa iliyoandikwa pembeni ilikuwa kabla ya adhana ya alfajiri.

Niliacha mayai yakaungua. Tulikwenda wote wawili chumbani kwa Mama, tukamkuta amelala, uso ameuelekeza ukutani, blanketi mpaka shingoni. Gozbert alisimama pale akimsikiliza anavyopumua. Nilimwona mume wangu, baba mzima, midomo inamcheza.

Siku zile zote zilizofuata alikuwa mtu wa kamera. Alipanda ngazi kabla ya kwenda kazini na alipanda tena akirudi. Kwanza alifuta kioo, maana sisi wa karibu na bahari chumvi inatuharibia kila kitu. Kisha akaondoa utando wa buibui uliokuwa unaning'inia mbele ya kamera. Usiku, alisema, uzi mmoja wa buibui unang'aa kuliko mtu. Akakata asumini yangu niliyoipanda kwa mikono yangu, eti majani yake yanarudisha mwanga machoni mwa kamera. Hilo lilituletea maneno. Mwisho akagundua kwamba dari la baraza, tulilolipaka rangi nyeupe, ndilo linalomulika kamera yenyewe, akaishusha na kuisogeza nje kidogo.

Picha ikatakata, na hapo ndipo nami nilipoanza kuogopa.

Alikuwa mtu. Vazi lake lilikuwa jeupe kuanzia shingoni mpaka kwenye vifundo vya miguu, na kichwani amefunika kitu cheupe. Uso haukuonekana, mwanga ulikuwa umeuunguza ukabaki duara tupu, bila macho wala pua. Hakukimbia wala kunyata. Alitembea kama mtu anayekwenda shughuli zake, akafungua komeo la geti dogo, akatoka. Kamera zile hurekodi kipande kifupi, zikapumzika, zikarekodi kingine. Kipande kilichofuata kilimwonyesha anarudi kutoka getini, anapita chini ya baraza na kuelekea nyuma ya nyumba, ambako hatukuwa na kamera.

“Anakwenda upande wa chumba cha Mama,” Gozbert akasema.

“Anapitaje komeo akiwa nje?”

“Tundu.” Geti letu dogo lilikuwa na tundu la kupitishia mkono, kama mageti mengi, ili mwenye nyumba akichelewa ajifungulie. “Hilo ni vazi la kanzu, Feli.”

“Au gauni.”

“Mwanamke gani atembee saa hizo?”

Asubuhi hiyo nilimkuta Mama ameketi kwenye kigoda cha jikoni, ndani ya gauni lake jeusi la ujane, anasugua visigino. Gauni hilo nililishona mimi, refu, la tetroni nyeusi tii iliyokuwa dukani, na kipande kilichobaki nikajishonea sketi ya kwaya. Mtandio wake wa kichwani nao ulitoka kwenye jora hilo hilo.

“Shikamoo Mama. Umeamkaje?”

“Marahaba. Nimeamka salama, mwanangu. Miguu tu inauma. Kazi ya shamba haiishi.”

Shamba lake aliliacha kanda ya ziwa. Nilidhani ndoto za usiku hazijamtoka kichwani, wazee wako hivyo. Nikamchemshia maji ya kukandia, nikafagia mchanga uliotapakaa sakafuni, nikaenda zangu Mwenge.

Gozbert akaongeza kamera ya pili kwenye nguzo ya geti, chini kidogo, ili imshike mtu usoni. Haikupita siku nyingi ikamshika. Kipande cha kwanza kilikuwa cha yule yule mweupe anatoka, ameinamisha kichwa, uso hauonekani. Kipande cha pili, baada ya muda, kilikuwa uso wa mwanamume mwenye kofia na kanzu, amesimama nje ya geti, mkono kwenye bati, anachungulia ndani. Kipande cha tatu, mweupe anarudi kuelekea nyuma ya nyumba.

Uso ule tuliujua. Alikuwa Mwinjuma.

Mwinjuma ni mwenyeji wa Mbweni tangu eneo hili ni mikorosho mitupu. Ndiye aliyekuwa akifungua msikiti mdogo ulio nyuma yetu na kuadhini. Mkewe, Tunu, alikuwa akituuzia vitumbua. Ni mtu wa maneno machache na uso mkavu, na sisi tulishagombana naye: ukuta wetu uliziba kichochoro alichozoea kupita kwenda msikitini, akaja kutuambia mbele ya mafundi kwamba sisi watu wa kuja tunajenga kama tuko peke yetu duniani. Gozbert hakulisahau.

“Yule mwingine mbona mfupi?” nilimuuliza. “Mwinjuma ni mrefu.”

“Kamera iko juu, inafupisha watu.”

“Na kamera ya nguzoni?”

“Felicitas, unamtetea?”

Picha ya Mwinjuma ikarushwa kwenye grupu la simu la mtaa wetu. Kufika mchana kila mtu alikuwa ameshaona mambo. Mmoja alisema aliwahi kupotelewa na kuku. Mwingine alisema mwanawe huweweseka usiku. Neno mchawi liliandikwa, likafutwa, likaandikwa tena na mwingine. Jumapili jioni wakajaa uani kwetu, mjumbe, majirani, na vijana wanaolinda mtaa kwa zamu na fimbo zao. Mwinjuma akaitwa.

Alikuja peke yake. Gozbert akaiweka simu yake mbele ya watu, akaonyesha vile vipande kimoja baada ya kingine. Alikuwa na fahari ya picha zile, nasema ukweli, hata katika hasira yake.

“Huyu ni wewe?”

“Ni mie.”

“Unafanya nini getini kwangu saa hizo?”

Mwinjuma akatazama huku na huku. Mama alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko ndani ya weusi wake, macho yake mekundu yanatutazama bila kuelewa shughuli ile ni ya nani. Mwinjuma alimtazama muda mrefu. Kisha akawatazama vijana na fimbo zao.

“Gozbert, mie na wewe tusimame kando. Nikwambie neno, sie wawili tu.”

“Sema hapa hapa.”

“La kusema hapa sina.”

“Huna kwa sababu huna la kujitetea!”

“Nakuomba, ndugu yangu. Faragha.”

Gozbert akakataa. Watu wakazomea. Mwinjuma akakaza taya, nikamwona hasira inampanda mpaka kwenye mishipa ya shingo, akaimeza. “Basi,” akasema. “Andikeni mnavyotaka nyie.” Waliamua asionekane tena njia ile kabla ya mapambazuko, na vijana wakaambiwa wakimkuta wamfunze adabu. Kuanzia wiki ile adhana ikaanza kutolewa na mtu mwingine, mwenye sauti nyembamba. Vitumbua navyo tukaacha kununua.

Tunu alikuja kwetu mchana mmoja. Mimi nilikuwa dukani. Nilikuja kujua baadaye kwamba alibonyeza kengele, na Gozbert, akiwa ofisini kwake mjini, alimwona kwenye simu. Hakumuuliza shida yake. Aliongea kupitia kipaza sauti cha kamera: “Ondoka getini kwangu. Ukirudi naita vijana.” Tunu aliitikia akiitazama nguzo ile yenye sauti ya mume wangu, akafunga mtandio wake vizuri, akaondoka. Gozbert alinisimulia kama jambo la kuchekesha. Sikucheka, lakini pia sikwenda kumuuliza Tunu alitaka nini. Nilikuwa nataka sana mambo yawe yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Mvua za vuli zilipoanza, mweupe akatokea tena. Ile ile nguo, ule ule uso ulioungua, ule ule mwendo wa mtu asiye na wasiwasi. Alikwenda, akarudi peke yake, na safari hii alisimama katikati ya ua, akageuza kichwa polepole kushoto na kulia, kana kwamba amesahau nyumba iko wapi.

Gozbert alichukua simu papo hapo. Alichoandika kwenye grupu asubuhi ile nilikisoma kabla hajakituma, na sikumzuia: kwamba mtu huyu ameonywa na hakusikia, kwamba ana mama mzee ndani ya nyumba, na kwamba vijana wakimwona tena getini kwetu wasimpigie mtu simu, wamalizane naye.

Kisha akafanya matengenezo ya mwisho. Geti dogo akaliwekea kitasa kinachojifunga chenyewe; ukitoka bila ufunguo, umetoka. Lile tundu la mkono akaliziba kwa kipande cha bati, fundi akakichomelea. Kamera ya nguzoni akaipandisha juu ya geti itazame barabarani, tumwone mtu kabla hajatukaribia, na juu yake akaweka taa kubwa nyeupe inayowaka yenyewe giza likiwa kamili, ili usiku picha ije na rangi zake zote. “Sasa hata rangi ya vifungo vyake tutaiona,” akasema.

Taa ikaita kumbikumbi. Mvua ilikuwa imewatoa ardhini, na usiku wa kwanza waliruka mbele ya kamera kwa maelfu, na kila kundi lilipopita simu ya Gozbert ililia kengele ya kuonya. Hatukufumba macho. Usiku wa pili akaizima kengele. “Inarekodi hata hivyo,” alisema, “tutatazama asubuhi.” Tukafunga madirisha yote, kama tulivyokuwa tumezoea tangu hofu ilipoingia, tukawasha kiyoyozi kile kinachounguruma, tukalala. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi Gozbert alikoroma, na nilifurahi kumsikia.

Niliamka kabla yake. Bado kulikuwa na kiza chepesi nje na mvua imekatika. Nilichukua simu yake nikafungua vipande vya usiku, kwa mazoea tu, kama mtu anavyotazama kama maziwa yameganda. Cha kwanza kilikuwa cha jioni, umeme ulipokatika na taa ile kubwa ikawa haijawaka, kamera ikitumia vile vitaa vyake vya kimyakimya. Mwanamke alikuwa anashuka barabarani kuja getini kwetu. Alivaa sketi nyeupe pe, ndefu. Nikajiuliza ni nani huyu aliyekuja tusimsikie. Kisha nikaona mkoba wake, na mwavuli wake wenye ukingo uliochanika, na nikajicheka peke yangu kitandani. Nilikuwa mimi, natoka mazoezi ya kwaya.

Nikaitazama tena ile sketi. Jana yake sikuvaa sketi nyeupe. Nilivaa sketi ya kwaya, ya tetroni, nyeusi tii. Mimi ni muuza vitambaa na sikuwahi kujua kwamba kuna weusi ambao kamera ile inauona mweupe. Na jora lile nililikata mara mbili tu.

Sikumwamsha Gozbert kwa maneno, nilimvuta mguu. Nilishuka ngazi nikiwa pekupeku. Chumba cha Mama kilikuwa wazi. Blanketi lilikuwa limekunjwa vizuri miguuni mwa kitanda, kama alivyokuwa akilikunja kila siku. Msumari wa gauni ulikuwa mtupu. Mlango wa kutokea uani ulikuwa umerudishwa tu.

“Mama!” Gozbert aliita nyuma yangu, na kwa sauti yake nikajua kwamba naye ameelewa, kwamba amekwisha kuelewa yote kwa mpigo. “Mama!”

Tulifungua geti dogo. Chini ya taa mbawa za kumbikumbi zilikuwa zimetapakaa kwenye tope, na juu yake alama za viatu vingi. Watu walikuwa wamekusanyika pale chini, kwenye mtaro wa maji ya mvua. Vijana wa ulinzi walisimama kando na fimbo zao, hakuna aliyekuwa akimtazama mwenzake. Mwinjuma alikuwa ndani ya mtaro, maji yamempita magoti, kanzu imemganda mwilini, amempakata Mama Apolonia kama mtu anavyompakata mtoto aliyelala. Mtandio mweusi ulikuwa umemtoka kichwani. Sikuwahi kuziona mvi zake zote.

“Alianguka mwenyewe,” kijana mmoja alisema. “Sie tulimkimbiza tu. Ameloa vile, hatukumtambua kama ni wa kwenu. Tuliona macho yale…”

Gozbert alishuka mtaroni akampokea mama yake. Hakulia wakati ule. Aliinua uso akamtazama Mwinjuma, mdomo wazi, kama mwanafunzi anayengoja kuambiwa.

“Kabla hamjanikataza njia, alfajiri nyingi nilikuwa namkuta hapa,” Mwinjuma akasema. “Ananiuliza njia ya shamba. Anasema migomba imemea magugu, mume wake atagomba. Namwambia shamba ni huku, mama, namrudisha mpaka getini, nangoja aingie. Ningelisema pale kwako mbele ya watu kwamba bibi huyu anatembea usiku, na macho yake yale, unadhani wangemwita mgonjwa?” Akafuta maji usoni. “Leo nimesikia makelele. Nikajiuliza nitoke, nisitoke. Nimechelewa.”

Tunu alikuja na khanga, akamfunika Mama, na mimi nikashindwa kumwangalia usoni.

Mchana alikuja mpelelezi, mama wa makamo mwenye sauti ya upole, akaomba kuona vilivyorekodiwa getini. Tulikaa sebuleni. Ndugu walikuwa wameanza kufika, viti vya kukodi vinashushwa uani. Gozbert aliweka simu mezani, akakitafuta kipande.

“Hongereni kwa picha,” mpelelezi alisema baada ya kutazama kidogo. Alikuwa na nia njema. “Wengi wanatuletea ukungu mtupu.”

Ilikuwa picha safi kweli. Kila rangi ilikuwa mahali pake. Mama alitoka katika gauni lake jeusi, na geti likajifunga nyuma yake. Alikwenda upande wa mtaro, akapotea. Kipande kilichofuata amerudi, ameloa, anatazama taa kwa macho yaliyochoka. Mkono wake ulikwenda moja kwa moja mahali tundu lilipokuwa, ukakuta bati. Ulilipapasa juu, ukalipapasa chini. Akaanza kugonga kwa kiganja, taratibu, kama jirani aliyekuja kuomba chumvi na hataki kuamsha nyumba nzima. Aligonga hivyo kwa muda mrefu. Kisha pembeni ya picha tochi zikaonekana, tochi nyingi, na Mama akageuka akaziona. Akaweka mdomo wake kwenye ufa wa geti, akasema maneno kwa haraka. Kipaza sauti kilimnasa vizuri, kila neno.

Mpelelezi akakisimamisha kipande. “Hapa anasema nini? Si Kiswahili hiki.”

Gozbert aliisogelea simu. Mpelelezi akakirudisha nyuma, akakicheza tena, na sauti ya Mama ikajaa sebule.

“Ananiita jina langu la utotoni,” mume wangu akasema. “Anasema nimfungulie upesi. Anasema wale watu wa kijijini wamempata.”